Mahudhurio ya Tarehe 12 Machi

Mkutano wa kitongoji cha chini ulifanyika Jumanne, tarehe 12 Machi 2024. Ulifunguliwa saa nne na robo asubuhi kwa sala, ukafungwa saa saba kasoro dakika kumi bila sala, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Nazikumbuka saa hizo kwa sababu mimi ndiye niliyeziandika. Nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji, na kwa miaka sita hapakufanyika mkutano katika eneo letu ambao sikuuandikia muhtasari. Wa siku hiyo niliuandika mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kweli, na niliuchana.

Nina umri wa miaka sitini na miwili. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2006, na hadi siku hiyo nilikuwa sijui kusoma. Nilipokwenda kufuata kibali cha mazishi, karani alinishika kidole, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, kisha akafuta mkono wake kwenye kitambaa. Hakufuta wino, maana wino ulikuwa kwangu. Alifuta mkono ulionishika. Januari 2008 nilijiandikisha darasa la watu wazima, nikakaa benchi moja na wanawake wa umri wa binti yangu, na mwaka 2015 nikafaulu mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Wapo waliocheka nilipoanza. Sikuwasahau, na sitasema kwamba niliwasamehe wote. Nilipochaguliwa kuwa katibu mwaka 2018, nilianza kusahihisha barua za watu ambao hapo awali walinisomea za kwangu, na nilifanya hivyo kwa kalamu nyekundu.

Kijiji chetu kiko milimani, upande wa Vudee. Tunalima mahindi, maharage na migomba kwenye miteremko, na maji yetu yanatoka kwenye chanzo kilicho msituni juu yetu. Bomba linashuka kupitia kitongoji cha juu na kitongoji cha kati, penye kanisa. Kitongoji cha chini kiko mbali zaidi, tambarare, na wakazi wake ni wafugaji wanaozungumza Kimaa. Kwenye karatasi sisi na wao ni jumuiya moja. Watu hudhani kazi ya jumuiya ya maji ni koki na mabomba tu, lakini katiba yetu ilimpa katibu majukumu mawili yasiyohusu chuma hata kidogo: kwenda kila kitongoji kueleza na kusikiliza, kisha kuyabeba aliyoyasikia mpaka ofisi ya maji kule Same na kuyatetea hadi yajibiwe. Katika hilo la pili nilikuwa hodari. Mhandisi wa maji aliwahi kuniambia mbele ya wageni, "Mama, barua zako nikizisoma huwa sina pa kutokea." Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kama mtu aliyebeba yai.

Mwanzoni mwa 2024 ofisi ilituarifu kwamba vifaa vilivyobaki vinatosha kituo kimoja zaidi cha kuchotea maji. Kingeweza kujengwa kwenye uwanja wa kanisa, katika kitongoji cha kati, au kingeweza kushushwa hadi kwa wafugaji pamoja na birika la kunyweshea mifugo. Ofisi ilitaka maoni ya vitongoji vyote viwili, yakiambatanishwa na mahudhurio, na yafike Same kabla ya Ijumaa, tarehe 15 Machi, saa tisa alasiri.

Kitongoji cha kati kilitoa maoni yake kwa nusu saa. Kwa wafugaji nilishuka na mwenyekiti wetu, mzee mpole aliyependa mikutano mifupi, kila mmoja kwenye bodaboda yake. Tulikuta wanawake wengi, wazee wachache sana, na karibu hakuna mwanamume mwingine. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye kila kiunganishi mahali pake, na mzee mmoja aliyekuwa akinitafsiria aliacha kutafsiri nilipofika katikati.

Mwanamke mmoja aliyeketi mbele, wa miaka kama arobaini, mwenye pengo la jino upande wa kushoto, akainua mkono.

"Yeyo," aliniita, neno ambalo kwao ni mama, "wewe unasema kama taarifa ya habari. Taarifa ya habari mtu hawezi kuiuliza swali."

Walicheka. Mimi sikucheka. "Uliza," nilimwambia.

"Huko juu mna mabomba mangapi?"

"Vituo vitatu."

"Na hili la nne, linakuja kwetu au linakwenda kuwasalimia wenzake?"

Walicheka zaidi, na safari hii hata mwenyekiti wangu alicheka. Nilieleza upya, kwa maneno ya kawaida, na hapo mkutano ukaanza kweli. Walisema maji wanayochota yako korongoni, kwamba mwezi wa pili dimbwi hugeuka tope, na kwamba ng'ombe na watoto huyagombania. Walitaka kituo kijengwe kwao. Hakuna aliyesema vinginevyo. Lakini nilipotaka kuandika kuwa ni uamuzi, yule mwanamke alinizuia.

"Usiandike bado. Neno la birika la ng'ombe halikatwi wenye ng'ombe hawapo. Leo ni Jumanne, wako mnadani. Wewe hukujua Jumanne ni mnada?"

Sikujua. Niliichagua Jumanne kwa sababu ilinifaa mimi, na sikumuuliza mtu wa huko hata mmoja.

"Njooni Alhamisi," alisema. "Tutawazuia wasiende machungani. Watasema ndiyo wao wenyewe, muandike, mwondoke."

Tukakubaliana Alhamisi, tarehe 14. Kisha nilipitisha karatasi ya mahudhurio na kidau cha wino. Wengi hawakujua kuandika, hivyo nilimshika kila mmoja kidole nikakibonyeza. Yule mwanamke alipofika zamu yake aliurudisha mkono nyuma kidogo.

"Kidole changu hapa kinasema nini?"

"Kinasema umekuja."

"Hakisemi nimekubali?"

"Hakisemi. Kinasema umekuja tu."

Akanipa kidole. Nikakibonyeza, nikamwachia, na nikaufuta mkono wangu kwenye kitenge. Nilijiona nikifanya hivyo. Hata sasa, nikiandika, mkono huo naujua ni upi.

Mvua ilianza Jumatano jioni. Asubuhi ya Alhamisi, saa moja na nusu, dereva wa bodaboda alinipigia simu. "Mama, korongo limejaa, lakini nitakuzungusha njia ya juu. Tutachelewa tu, tutafika." Nikamwambia asijisumbue, nitawaarifu wenyewe. Sikuwaarifu.

Lazima nieleze nilichokuwa nikikiwaza, si kwa ajili ya kujitetea. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya umoja wa wanawake wa kanisa nikawaahidi kwamba maji yatafika uwanjani mwaka huo. Walinipigia makofi, na baadhi yao ni wale walionicheka mwaka 2008. Zaidi ya hapo, nilikuwa na hoja niliyoiona ya haki. Mtaro wote wa bomba letu ulichimbwa kwa mikono, kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwa Wapare kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hupoteza sauti yake. Wafugaji hawakutokea hata siku moja. Kwa nini basi maji yawafuate? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sikujiambia lile nililolijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwamba tangazo la msaragambo hutolewa Jumapili baada ya mahubiri, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, ndani ya kanisa, na kwamba katika miaka sita ya ukatibu wangu sikulipeleka tambarare kwa Kiswahili, wala kwa mdomo, wala kwa karatasi. Tuliwahesabia kosa la kutoitikia mwito ambao hatukuwahi kuwapelekea, na kazi ya kuupeleka ilikuwa yangu.

Niliketi kwenye meza ya ofisi ya jumuiya. Muhtasari wa kweli ulisema wajumbe wameomba muda hadi Alhamisi. Niliuchana vipande vinne nikavitia mfukoni. Kisha niliandika mwingine, wenye tarehe ileile, saa zilezile na ajenda zilezile, na chini ya ajenda ya tatu nikaandika kwamba wajumbe wa kitongoji cha chini waliridhia kituo kijengwe katika uwanja wa kanisa. Neno ni moja, waliridhia, na mwandiko wangu katika neno hilo ni mzuri kabisa. Nikaliambatanisha na vidole vyao.

Mwenyekiti aliusoma akiwa amesimama mlangoni, koti likidondosha maji. "Wa chini wameridhia lini? Mimi niliwaacha wakisema Alhamisi."

"Nimewasiliana nao."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenye kalamu, mama." Akatia sahihi.

Kituo kilizinduliwa Jumamosi, tarehe 24 Agosti. Nilivishwa kitenge, nikapigiwa vigelegele, nikafungua koki ya kwanza kwa mkono wangu.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu saa tano, nilimkuta yule mwanamke kwenye kituo hicho akiwa na punda wawili na madumu manane. Dimbwi la korongoni lilikuwa limekauka, na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Wanawake wetu walikuwa wamemwacha asubiri mpaka wote wajaze, ingawa alifika kabla ya wengi wao.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba."

"Alhamisi ile tulikaa," alisema. Hakusema kwa hasira. "Wanaume hawakuchunga. Walikaa mpaka jua likazunguka nyumba. Tukasema labda ni mvua."

"Ilikuwa mvua," nilimjibu. "Na ofisi haikungoja. Iliamua yenyewe."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ofisi ni ngumu. Ulituhangaikia bure. Pole, yeyo."

Nikasema asante. Nilipokea pole yake, nikamsaidia kufunga dumu moja, nikaenda zangu.

Mwishoni mwa Septemba mhandisi alinipigia simu. Ofisi ilikuwa ikiandaa semina ya jumuiya za maji kuhusu namna ya kuwashirikisha wananchi, na alitaka makatibu wenzangu wajifunze kwangu. Semina ilifanyika Same mjini, Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Nilivaa suti yangu ya kijivu. Tuliambiwa kila kitongoji kitume mwakilishi mmoja mwanamke, lakini sikujali kuuliza wa tambarare ni nani. Nilipoingia ukumbini nilimwona ameketi mstari wa nyuma, viatu vyake akiwa ameviweka vizuri chini ya kiti.

Baada ya chai mhandisi aliwasha projekta. Ukutani ikatokea karatasi yangu. Kwanza muhtasari, kisha mahudhurio, vidole vya wino vilivyokuzwa mpaka kila kimoja kikawa na ukubwa wa sahani.

"Tazameni," alisema. Alikuwa akisema kwa nia njema kabisa, maana alichokijua ni kile nilichomwandikia. "Kila siku mnaniambia wafugaji hawaji mikutanoni. Mama huyu aliwafuata walipo, akawasikiliza, na wao wenyewe wakaridhia maji yaanzie kwa wenzao. Ushirikishwaji ni huu."

Mstari wa nyuma mkono uliinuka.

"Samahani, mtaalamu. Mimi sikusoma. Hapo juu ya vidole pameandikwa nini?"

Mhandisi alimsomea pole pole, kwa adabu. Wajumbe wa kitongoji cha chini waliridhia kituo kijengwe katika uwanja wa kanisa.

"Waliridhia ni kukubali?"

"Ndiyo, mama. Walikubali."

"Asante," alisema, akakaa.

Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyeelewa kilichotokea. Mhandisi alinigeukia akaniomba nieleze nilivyofanikiwa, na hapo ndipo ningeweza kusema. Nafasi nilipewa, kipaza sauti nilipewa, na mtu mwenye haki ya kusikia alikuwa ameketi mbele yangu. Nilizungumza kwa dakika kumi na nane. Nilisema katibu mzuri husikiliza kuliko anavyosema. Nilisema ni vyema kuuliza wananchi siku inayowafaa wao, na nikatoa mfano wa siku za mnada. Watu waliandika kwenye madaftari yao. Yule mwanamke hakuondoa macho yake usoni kwangu, na mimi nilihakikisha macho yangu hayafiki mstari wa nyuma, lakini yalifika.

Wakati wa chakula nilimkuta nje, penye ndoo ya kunawia mikono. Nilikuwa nimekusudia kupita. Aliniita.

"Unaongea vizuri, yeyo. Mimi mwenyewe nilikaribia kukubali."

Nilifungua koki ya ndoo nikaanza kunawa.

"Uliniambia kidole kinasema nimekuja."

"Ndiyo."

"Kumbe mimi nikiwa nyumbani chenyewe kinazunguka Same kinaongea." Alikung'uta maji mikononi. "Maji tutachota popote, tumezoea. Lakini mwezi uliopita nilikupa pole, pale bombani, nikiwa na madumu. Ile pole nirudishie."

Nikasema, "Nimekosa."

"Hiyo umesema kwa sauti ya chini," alinijibu. "Kule ndani ulikuwa na sauti." Akachukua sahani yake akaenda kukaa na wanawake wa kijiji cha Kisiwani.

Siku iliyofuata, Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, niliandika barua kwa mhandisi. Niliiandika mara tano, kwa kuwa katika nakala nne za mwanzo nilijikuta nikiweka mvua kabla ya uongo. Katika ya tano niliandika kwamba muhtasari wa tarehe 12 Machi ni wa uongo, kwamba mwenyekiti alidanganywa, kwamba vidole vile vilikuwa vya mahudhurio tu, na kwamba aliyefanya hayo ni mimi peke yangu. Jumatatu ilikuwa sikukuu ya kitaifa, ofisi zimefungwa, hivyo niliipeleka Jumanne, tarehe 15. Mhandisi aliisoma mbele yangu. Alipomaliza alivua miwani.

"Mama, ungeniambia tu kwa mdomo."

"Kwa mdomo ingeishia hapa."

Akaigonga muhuri wa kupokelewa. Aliniambia bomba lililokwisha kujengwa haliwezi kung'olewa, ila kitongoji cha chini kikileta maombi yake, yenye muhtasari wa kweli, atayapeleka kwenye mpango unaofuata. Palepale nilimkabidhi barua ya kujiuzulu. Mwenyekiti nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatanikaribisha chai tena. Huku kwetu juu hakulisema jambo hilo kwa mtu mwingine, na wala mimi sikulisema. Kanisani ilitangazwa kwamba katibu amepumzika kwa sababu ya umri, na niliketi benchi la pili nikasikia tangazo hilo likisomwa kwa Chasu.

Wafugaji walipanga mkutano wao Alhamisi, tarehe 24 Oktoba, na niliomba ruhusa ya kufika. Wenye ng'ombe walikuwepo wote. Nilisimama, na safari hii nilisema sentensi fupi, moja moja, nikingoja yule mzee aitafsiri. Nilisema nilikuja hapa Machi. Akatafsiri. Nilisema mlinipa vidole vya kuhudhuria. Akatafsiri. Nilisema niliandika kuwa mmekubali, na hamkukubali. Hapo alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili kama amesikia sawasawa. Nikarudia. Akatafsiri, na wanaume kadhaa wakacheka kicheko kifupi ambacho sitaki kukisikia tena.

Yule mzee hakucheka. "Katibu," alisema, "mtu akituibia mbuzi tunajua faini yake. Akituibia ndama tunajua. Hii ya kuiba kidole haijawahi kufika hapa. Hatuna faini yake."

Niliwaambia kwamba, wakikubali, nitawaandikia maombi mapya na kuyapeleka Same mwenyewe. Wakaanza kujadiliana kwa Kimaa. Walijadiliana muda mrefu, mbele yangu, kunihusu, na sikuelewa hata neno moja. Mwishowe yule mwanamke wa pengo alisimama.

"Utaandika. Sisi hapa mwenye mwandiko mzuri hatuna. Lakini mstari mmoja ukiuandika utausoma, mzee ataugeuza, sisi tutasema ndiyo au hapana, ndipo uende mwingine. Na kupeleka, nitapeleka mimi."

"Nitakusindikiza, nikusomee watakachojibu."

"Nitapata mwingine wa kunisomea."

Barua ile ya ukurasa mmoja ilituchukua tangu saa nne hadi saa kumi na moja. Nilianza na "kwa heshima na taadhima", mzee akaigeuza, mtu akauliza hiyo heshima ni ya nani, wakaifuta. Niliandika "tunaomba kwa unyenyekevu kufikiriwa", wakauliza maji yako kwenye sehemu gani ya maneno hayo. Tukaishia na "Tunataka bomba na birika la ng'ombe hapa". Niliandika walichosema. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile karatasi niliyoiandika ilikuwa na maneno ambayo si yangu, na ilikuwa barua nzuri kuliko zangu zote. Juu ya nafasi ya vidole walinitaka niandike kwa maneno kamili kwamba hawa wamekuja na wamekubali, na niisome mara tatu. Nilifungua kidau. Yule mwanamke alikichukua mkononi mwangu, akabonyeza kidole chake mwenyewe, akampa jirani yake. Kilizunguka watu wote bila kupita kwangu tena.

Maombi yalifika Same siku iliyofuata. Februari 2025 nilisikia kwamba yameingizwa kwenye mpango, na mwezi wa Mei wapimaji walishuka tambarare kupiga vigingi. Maji yenyewe, hadi ninapoandika, hayajafika.

Habari ya vigingi niliipata kwenye kituo cha kanisani, asubuhi, nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu. Wanawake wa umoja wetu walikuwa wakizungumza kwa Chasu.

"Eti wafugaji nao wanaletewa la kwao," alisema mmoja.

"Mtaro gani waliochimba wale?" akajibu mwingine. "Si walikubali wenyewe lijengwe huku? Waliweka na vidole. Sasa wamegeuka."

"Watu wa ng'ombe hawana neno moja."

Kisha akanigeukia, kwa heshima, kama mtu anavyomgeukia aliyewahi kushika ofisi. "Mama katibu, si ndivyo? Wewe ulikuwepo."

Miezi saba ilikuwa imepita tangu niseme kule chini na kule Same. Hapa, kwa hawa walionipigia makofi, nilikuwa bado mstaafu kwa sababu ya umri. Foleni ilisogea, na zamu yangu ilikuwa imefika.

Niliweka ndoo chini nikamwambia la, hawakukubali, na nikaanza kuwaeleza.